Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Arusha: yale makaburi ya Wapoland pale Tengeru yaongee Kiswahili

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa, shikamoo, na pole na majukumu.

Mimi ni mama wa kuuza nyanya na hoho soko la Tengeru, nimezaliwa hapahapa na nimekulia hapahapa, na hii barua nimekua naiandika kidogo kidogo kwenye simu kila mteja akipungua, kwa hiyo utanisamehe kama haijanyooka sana. Nakuandikia kuhusu yale makaburi ya Wapoland yaliyoko ndani ya eneo la chuo, si mbali na ziwa Duluti.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, yuko darasa la sita, walipewa kazi shuleni waandike kuhusu sehemu ya kihistoria iliyo karibu na kwao. Nikampeleka pale. Amezunguka, ameangalia misalaba yote mmoja mmoja, karudi kwangu na daftari lake akaniuliza "Mamdogo, hawa Wajerumani walikufa kwenye vita gani?" Sikuweza kumgombeza maana mimi mwenyewe mpaka nafika kidato cha pili nilikua najua hivyohivyo, na ukipita leo sokoni ukauliza watu kumi pale ni makaburi ya nani, utaambiwa ya Wajerumani, ya Wagiriki, ya masetla, wengine watakwambia tu ya wazungu basi.

Hawakua Wajerumani Mheshimiwa, Wajerumani ndio waliowavamia. Tarehe 1 Septemba 1939 Hitler kaingia Poland kutoka magharibi, tarehe 17 mwezi huohuo Stalin wa Sovieti, yaani Urusi ya wakati ule, nae kaingia kutoka mashariki, nchi ikagawanywa kama mkate. Halafu kuanzia Februari 1940 askari wa Sovieti wakawa wanagonga milango usiku, familia nzima inaambiwa fungasheni, mama na watoto na bibi, wanapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo kwenye baridi ile mpaka Siberia na Kazakhstan kukata magogo. Wengi walikufa hukohuko na hawana hata jiwe. Mwaka 1941 Hitler akamgeukia Stalin mwenyewe, ndio Stalin akakubali kuwaachia Wapoland, wanaume wakajiunga na jeshi la Wapoland la Jenerali Anders na familia zikafuata jeshi kwa nyuma, wakavuka bahari ya Kaspi mwaka 1942 mpaka Iran wakiwa mifupa mitupu. Iran hawakuweza kukaa wote, Waingereza wakawasambaza, wengine India, na wengine kama 18,000 hivi wakaletwa Afrika kwa meli. Kulikua na kambi Masindi na Koja kule Uganda, kwetu kulikua na Kondoa, Ifunda, Kidugala, na kambi kubwa kuliko zote ilikua hii ya kwetu Tengeru, watu karibu 5,000, na wengi ni wanawake na watoto kwa sababu baba zao na kaka zao walikua vitani, jeshi hilohilo la Anders ndio lililopanda mlima wa Monte Cassino kule Italia mwezi wa tano 1944. Yaani kuna mama alikua amekaa hapa Tengeru chini ya mlima Meru anasubiri barua kutoka Italia.

Haya yote mimi sikuyajua kwa kusoma pale makaburini. Nimeyajua ukubwani, kwa kuuliza uliza na kusikiliza wageni wanaokuja.

Tulipokua wadogo tulikua tunakwenda kuchungulia pale. Karibu kila kaburi mbele ya jina lina herufi mbili, S na P, ile S ina kimkwaju juu. Sisi tuliamini kabisa kwamba hilo ni jina la ukoo, kwamba wote waliolala pale ni ndugu, ukoo mmoja mkubwa wa S.P. uliokufa pamoja, na tulikua tunawaonea huruma sana. Nimekuja kuambiwa na mama mmoja wa Poland aliyekuja kutembelea kaburi la shangazi yake kwamba ile ni kama sisi tunavyoandika "marehemu", maana yake ni wa kumbukumbu takatifu. Akanionyesha na "ur." ni kuzaliwa, na "zm." ni kufariki. Siku hiyo ndio kwa mara ya kwanza nimeyasoma makaburi niliyokua nayaona maisha yangu yote. Yule mama alitoa kitambaa kwenye mkoba akakilowanisha kwa maji ya chupa akawa anasafisha zile herufi moja moja kwa kidole, hata vile vishimo vya ndani, wala halii, anaongea taratibu kwa lugha yake kama mtu anaemwogesha mtoto. Nilisimama pembeni sikujua nifanye nini, mwisho nikaenda kumshikia ile chupa.

Makaburi yako 149. Ukuta upo, geti lipo, kuna na chumba kidogo chenye picha, na matunzo kwa kweli yapo, wenzetu wa Poland wamekua wakisaidia na watu wa hapahapa wanafyeka majani, kwa hiyo sijaja kulalamika kwamba pamesahaulika. Ukiingia unaona watu wazima, unaona vichanga waliozaliwa hapahapa Tengeru wakafia hapahapa, malaria iliwamaliza wengine na wengine miili ilikua imeshachoka toka Siberia. Na Mpoland wa mwisho aliyekataa kuondoka, ambaye aliishi hapa mpaka uzee wake, alifariki 2015 akazikwa palepale na wenzake.

Sasa ninachokuomba, Mheshimiwa, ni hadithi ya upande wetu, kwa lugha yetu, kabla haijaisha.

Kwa sababu hawa watu hawakushuka kwenye nchi isiyo na mtu. Bibi yangu mzaa mama alikua binti mdogo wakati wanaletwa na malori. Alikua akisema walishangaa sana, maana wazungu waliokua wanawajua ni mzungu wa shamba na mzungu wa serikali, wale wa kutoa amri, halafu wanaona wazungu wamekonda, watoto wamenyolewa vichwa, mama amebeba furushi lake mwenyewe kichwani. Walijengewa vile vibanda vya duara vya udongo vilivyopakwa chokaa na kuezekwa nyasi, wakawa na shule zao, kanisa, hospitali na mashamba. Bibi na wenzake walikua wanapeleka ndizi na maparachichi, wanabadilishana na sindano na uzi na vipande vya vitambaa, na alijifunza kusalimia kwa lugha yao, mpaka anazeeka ukimwamkia asubuhi akiwa na furaha anakujibu "jen dobri". Sisi wajukuu tulijua ni Kimeru cha zamani! Bibi alifariki na mimi sikumrekodi hata dakika moja, simu ya kurekodia ninayo mkononi, nikawa nasema nitamrekodi sikukuu, nitamrekodi mwezi ujao. Hilo linaniuma mpaka leo.

Na kuna kitu bibi alisema ambacho sijakikuta kimeandikwa popote pale. Alisema kilichowashangaza wazee wa Kimeru ni wale watu kuwazika wafu wao mbali na nyumba, wote pamoja, kwenye uwanja. Unajua kwetu mtu anazikwa kihambani kwake, kwenye migomba, pale watoto wake wanapopita kila siku kwenda kukata majani ya ng'ombe. Wazee walikua wanauliza, hawa wakiondoka nani atabaki na wafu wao? Na kweli walikuja kuondoka, kufika mwaka 1952 kambi ilikua imekwisha, kurudi kwao hawakuweza maana vijiji vyao vilikua vimebaki ndani ya mipaka ya Sovieti, wakaenda Uingereza, Kanada, Australia. Waliobaki na wafu wao ni sisi.

Naomba pia hili liangaliwe, maana huwezi kusimulia moja ukaacha lingine. Miaka hiyohiyo kambi inafungwa, mwishoni mwa 1951, serikali ya kikoloni iliwatoa Wameru kwa nguvu kule Engare Nanyuki, watu wapatao 3,000, nyumba zikachomwa, ardhi wapewe masetla. Ndio Mmeru mwenzetu Kirilo Japhet akapanda ndege mwaka 1952 mpaka Umoja wa Mataifa New York kuwasemea watu wake. Yaani watu waliowauzia wakimbizi ndizi na wao wakageuzwa wakimbizi kwenye nchi yao wenyewe. Mtoto wa darasa la sita akiambiwa haya mawili pamoja, amesimama pale makaburini na mlima Meru anauona, hatasahau.

Na ukitoka hapo ukaenda mpaka Akeri, karibu kabisa, kuna hadithi ya wamisionari wawili wa Leipzig ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, waliouawa Oktoba 1896. Majina yao yanajulikana mpaka leo na kanisa linawakumbuka, na ni haki yao. Ila baada ya vifo vyao alikuja Kapteni Johannes wa Wajerumani na jeshi lake kulipiza kisasi, Wameru na Waarusha wakauawa wengi, mifugo ikachukuliwa, migomba ikakatwa, na hao hakuna anaeweza kukuonyesha kaburi hata moja. Jirani zetu wa Old Moshi nao, Mangi Meli, chifu wao, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake wengi, na mpaka leo familia inatafuta kichwa chake, kinachosemekana kilipelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 ilitangazwa kule Berlin kwamba vipimo vya vinasaba vimeoanisha mafuvu na familia za huku Kilimanjaro, mojawapo ikiwa ya aliyekua mshauri wa Mangi Meli, lakini la Mangi mwenyewe halikuonekana. Ndio maana mimi nikiona kaburi lenye jina, hata la mgeni, naona ni kitu kikubwa sana ambacho wengine wamenyimwa.

Mheshimiwa, ninachoomba hakihitaji mabilioni. Naomba pale getini pawekwe ubao mkubwa wa Kiswahili unaoeleza hawa ni akina nani, walitoka wapi, walipita wapi, na maana ya hizo S.P. na ur. na zm. ili mtoto aweze kuyasoma makaburi mwenyewe bila kusubiri mgeni. Naomba shule za msingi za Arumeru na za jijini ziwe zinapelekwa pale, ni mwendo wa hiace tu kutoka stendi, hakuna sababu mtoto wa Arusha ajue vita kuu ya pili ilikua Ulaya tu wakati alama zake ziko nyuma ya soko la nyanya. Nikiangalia kule Ngorongoro, pale kwenye ukingo wa kreta, magari yanasimama kwenye kaburi la Michael Grzimek, yule Mjerumani mtafiti wa wanyama aliyekufa na ndege Januari 1959, watu wanashuka, wanasoma, wanaelewa. Hapa kwetu magari ya watalii yanapita barabara kuu kwenda na kurudi uwanja wa ndege wa KIA hayajui kama kuna kitu. Na mashindano ya mpira ya AFCON ya 2027 yanakuja, tumepewa sisi na Kenya na Uganda, na Kenya na Uganda nako zilikuwepo kambi za hawahawa Wapoland, mnaweza hata kuongea na wenzenu.

Lakini la haraka kuliko yote ni wazee. Piga hesabu, mtu aliyekua na miaka kumi mwaka 1945 leo amepita tisini. Wamebaki wachache sana na kila msimu wa baridi tunazika mmoja. Tunavyo vyuo hapa Tengeru, vijana wamejaa, wana simu nzuri na wanajua Kiswahili na wengine Kimeru, ofisi yako ikisema neno moja tu wakapangwa wakazunguka Nambala, Akeri, Patandi, Duluti, wakakaa na wazee wakawarekodi, ndani ya miezi miwili mitatu tungekua na kitu ambacho hata Poland kwenyewe hawana, maana wao wana kumbukumbu za watoto waliokua ndani ya kambi, ila za watoto waliokua wamesimama nje ya kambi wanawaangalia ziko hapa, na ziko vichwani mwa watu wa miaka tisini.

Mimi jumatano na jumamosi nipo sokoni, siku nyingine niko nyumbani, na niko tayari kumsindikiza mtu yeyote utakaemtuma. Kuna babu mmoja jirani yetu ambaye alikua anachunga mbuzi karibu na ile kambi, anakumbuka mpaka kengele ya kanisa lao ilivyokua inalia na saa ngapi. Aje mtu asubuhi, kabla ya saa nne, na aongee kwa sauti upande wa sikio la kulia. Mchana babu anachoka na anaanza kuchanganya majina.