Msitukanane kwa vita msivyoviamua nyinyi: barua kwa vijana wetu wa Alief, Houston

Wanangu, hamjambo?

Nimeyasikia yaliyotokea kwenye hafla ya kumuaga mwenzenu anayekwenda jeshini. Mmoja alimwita muuaji wa kukodiwa. Mwingine akajibu kwamba asiyetaka kuipigania nchi iliyompokea arudi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu alikotoka. Wazazi wenu wameshalisemea, sitalichimbua upya. Ila nchi hii mnayoishi ilishagombana hivyo hivyo, kwa maneno makali kuliko yenu na risasi juu yake, kwa sababu ya vita vya Vietnam, na hadi leo wapo ndugu ambao hawajapatana.

Mwanzoni hapakuwa na ugomvi. Agosti 1964, baada ya habari za mashambulizi mawili dhidi ya manowari za Marekani katika Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam, Bunge lilimpa Rais Lyndon Johnson ruhusa ya kutumia nguvu: Baraza la Wawakilishi kura 416 kwa sifuri, Seneti 88 kwa 2. Shambulio la pili, ilikuja kujulikana, halikutokea. Machi 1965 vikosi vya mapigano vikateremka Da Nang, na kufikia 1969 wanajeshi wa Marekani kule walipita laki tano.

Waliokwenda ni akina nani? Hapo ndipo nataka mtulie. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliahirishiwa wito wa kuingia jeshini kwa lazima. Kijana wa kiwandani, wa shambani, wa mitaa ya Weusi aliitwa. Mwaka 1966 Waziri wa Ulinzi, Robert McNamara, alianzisha mpango wa kuwachukua hata waliokuwa wakikataliwa kwa kufeli mtihani wa jeshi. Waliingia kwa njia hiyo zaidi ya laki tatu. Malalamiko yalipozidi, ikaletwa bahati nasibu. Usiku wa tarehe 1 Desemba 1969, watu wakitazama kwenye televisheni, vidonge 366 vya plastiki vya rangi ya bluu viliwekwa kwenye chombo cha kioo, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa ndani yake. Cha kwanza kuchomolewa kilikuwa 14 Septemba. Kila kijana wa rika lile aliyezaliwa siku hiyo akawa mbele kabisa kwenye foleni.

Hasira ilikuwa ya haki, ila ilikwenda kombo. Tarehe 4 Mei 1970, katika Chuo Kikuu cha Kent State, Ohio, askari wa Ulinzi wa Taifa walifyatua risasi 67 kwa sekunde 13, wakaua wanafunzi wanne na kujeruhi tisa. Wawili kati ya waliokufa hawakuwa hata kwenye maandamano, walikuwa wakipita tu kati ya vipindi. Mmoja wao mwenyewe alikuwa kwenye mafunzo ya uofisa wa jeshi. Siku nne baadaye mafundi ujenzi wa New York waliwavamia na kuwapiga wanafunzi waliokuwa wakiandamana kwa ajili ya wale wafu. Hao mafundi walikuwa na watoto wao vitani, na waliona wasomi wanawatukania watoto. Tarehe 15 Mei polisi wakaua vijana wawili Weusi katika chuo cha Jackson State, Mississippi, ambao mpaka leo hawatajwi sana. Ile methali ya tembo na nyasi mmeichoka, najua. Ila hapa nyasi zilipigana zenyewe kwa zenyewe. Waliopanga vita walikuwa maofisini Washington, na nyaraka za siri zilizovujishwa mwaka 1971 zilionyesha kwamba kwa miaka mingi waliwaambia wananchi moja huku wakijua jingine.

Mnapenda kumtaja Muhammad Ali. Vizuri, ni hapa hapa Houston, tarehe 28 Aprili 1967, alipokataa kusogea mbele jina lake lilipoitwa kuingia jeshini. Alinyang'anywa ubingwa, akahukumiwa miaka mitano, akakata rufaa, na Mahakama Kuu ya Marekani ikamfutia hatia mwaka 1971. Ugomvi wake aliupeleka kwa serikali na gharama akailipa mwenyewe. (Sisi wa Dar tuna kisa chetu naye. Mwaka 1980 Rais Carter alimtuma aje kutushawishi tususie Olimpiki ya Moscow kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Mwalimu hakumpokea, na wanariadha wetu Bayi na Nyambui walikwenda, wakarudi na medali za fedha.)

Na kabla hamjasema kila aliyepinga alikuwa sahihi, tembeeni pale Bellaire Boulevard mlipozoea kunywa supu ya pho. Waulizeni wazee wenye maduka: Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini iliyosaidiwa na Marekani, ilipoanguka tarehe 30 Aprili 1975, wao walikuwa wapi? Kuna walioachwa nyuma na Wamarekani, wakafungwa, wakakimbia kwa mashua. Nyinyi wa Kivu mtaelewana nao haraka kuliko mnavyodhani.

Kulazimishwa kuingia jeshini kulikoma 1973. Leo anayekwenda amejitolea, na walio kazini hawafiki mtu mmoja katika kila mia wa nchi hii. Kwa hiyo mzigo umeangukia nyumba chache, nyingine zikiwa kama zetu, zinazohitaji ada ya chuo na makaratasi. Anayetaka kwenda asizuiwe kwa matusi, lakini asiende gizani. Mkataba wa kujiunga, DD Form 4, unasema ahadi yoyote isiyoandikwa humo au kwenye viambatisho vyake haitatimizwa. Dhima yake kwa kawaida ni miaka minane kwa jumla, hata kama kazi ya kudumu ni minne. Sare haileti uraia yenyewe. Lazima uombe, na wapo maveterani ambao hawakukamilisha hilo, wakaja kufukuzwa nchini baada ya kutiwa hatiani kwa makosa. Anayepinga vita naye ampigie simu mbunge wake aliyepiga kura kuviruhusu, aandamane, awashtaki ikibidi. Kijana wa jirani hakupiga kura hiyo.

Mwenzenu anaondoka na mlikuwa hamjazungumza. Kambini kwenye mafunzo ya mwanzo simu hukaa imefungiwa muda mwingi, barua ya karatasi ndiyo inayofika. Anwani mtaipata kwa mama yake. Yule aliyemwita muuaji aanze kuandika, na yule wa Nyarugusu aje kwangu Jumapili, nina maneno naye.

Mzee wenu