Taarifa ya mwenyekiti kwa mkutano mkuu wa mwaka: kura ya kumchagua mpiga besi mbunifu, ada na mahudhurio

Ndugu wanachama,

Nawasalimu wote mliofika kwenye mkutano wa chama chetu cha kusikiliza muziki, na kwa namna ya pekee ndugu zetu wa Moshi, ambao kila mwezi wanasafiri kilomita 80 hivi kuja Arusha kusikiliza muziki kwa saa tatu, kisha wanarudi usiku huohuo. Nimewataja wao kwanza kwa makusudi, na mtaona baadaye kwa nini.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipitia haraka. Tulipanga vikao 12, tukafanya 11. Cha Aprili kilishindikana kwa sababu ya mvua, njia ya kuingia ukumbini Kaloleni ilikuwa tope tupu. Mada ya mwaka ilikuwa moja, kama tulivyokubaliana: ni mpiga besi yupi wa muziki wa roki aliye mbunifu kuliko wote? Tulianza na chombo chenyewe, tangu Mmarekani mtengenezaji wa magitaa, Leo Fender, alipotoa Precision mwaka 1951, gitaa la besi, yaani la sauti nzito za chini, la nyuzi 4 lenye vipande vya chuma shingoni, ili mpigaji apate sauti sahihi bila kubahatisha kama kwenye besi kubwa ya kusimama. Wakafuata Paul McCartney wa Beatles, Jack Bruce wa Cream, John Paul Jones wa Led Zeppelin, Chris Squire wa Yes na Geddy Lee wa Rush. Dada yetu wa Njiro alitupa kikao kizuri sana juu ya Carol Kaye, mpigaji wa studio za Los Angeles anayesikika katika santuri ya Pet Sounds ya Beach Boys ya mwaka 1966, na tangu siku ile sijasikia mtu hapa akisema besi ni kazi ya wanaume. James Jamerson wa kampuni ya rekodi ya Motown alileta mvutano kidogo, kama anahesabika kuwa wa roki au la. Kamati ilisema hapana, tukamsikiliza kwa heshima zote nje ya shindano. Mengine yamo kwenye kumbukumbu za katibu.

Kikao cha Juni siwezi kukipita hivihivi. Katikati ya wimbo wa pili sabufa yetu iliungua. Harufu ya waya ilijaa ukumbini, tukafungua madirisha, na baridi ya Juni mnaijua. Katibu alikimbia kwake na bodaboda akaleta spika mbili ndogo za mezani. Tukaendelea, lakini kila tulichopiga kilikuja bila besi: gitaa lipo, dramu zipo, chini hakuna kitu. Mpaka ilipofika zamu ya Peter Hook wa Joy Division. Yeye alisikika kila noti. Kijana mmoja akauliza inakuwaje, nikamweleza jambo ambalo Hook mwenyewe amelisimulia, kwamba vifaa vyake vya mwanzo vilikuwa duni, akipiga kwenye nyuzi nene hajisikii mbele ya gitaa, akahamia juu kwenye nyuzi nyembamba. Huko juu ndiko alikoipata sauti yake inayoimba. Mzee wetu wa Ngarenaro alisimama, akaweka kiganja juu ya kisanduku cha spika, akafumba macho, akakiacha hapo hadi wimbo ukaisha. Akasema, "Huyu besi yake ndiyo solo." Wazee wetu wameijua besi tangu zamani kwa njia ya dansi. Ndugu Wilson na George Kinyonga walipiga mji huu huu kwa jina la Arusha Jazz kabla ya kuvuka kwenda Kenya na kuwa Simba Wanyika. Na besi ya Tom Malanga katika "Sina Makosa" ya Les Wanyika, nani kati yetu hawezi kuiimba kwa mdomo bila maneno? Mtu aliyelelewa na sauti hizo hafundishwi kusikiliza besi na mtu yeyote.

Sasa nije kwenye jambo lililoleta maneno, la kura ya Novemba. Yamesemwa mengi, mengine kwenye vifodi, yaani daladala zetu, mbele ya watu wasio wanachama, kwa hiyo nitalieleza lote.

Kura zetu si za siri. Kila mpiga kura anaandika jina lake, jina la mpiga besi anayemchagua na sababu zake. Siku ile zilipigwa kura 31. Cliff Burton wa Metallica alipata 13, John Entwistle wa The Who 9, John Deacon wa Queen 5, McCartney 3 na Geddy Lee 1. Vijana wakashangilia, na wengine wakaondoka wakijua Burton ameshinda. Baada ya nusu saa mweka hazina alifika na daftari la ada. Anatoka Moshi, na gari lake lilikuwa limeharibika Kikatiti. Tulipolinganisha majina, wapiga kura 14 walikuwa na deni la zaidi ya miezi mitatu. Ibara ya 6 ya katiba yetu inasema mwanachama wa namna hiyo hatapiga kura katika jambo lolote la chama. Nikazifuta kura hizo 14. Zilizobaki 17 zilitoa Entwistle 8, Burton 4, Deacon 2, McCartney 2 na Geddy Lee 1. Nikamtangaza Entwistle.

Naambiwa ibara hiyo haijawahi kutumika. Ni kweli, haijawahi, kwa sababu miaka yote nimekuwa nikiwasihi watu mmoja mmoja badala ya kuwaaibisha. Lakini sikuitunga mimi. Tuliipitisha wote kwa kunyoosha mikono, na baadhi ya wanaolalamika leo ndio walionyoosha mikono miwili. Naambiwa pia nilisubiri kuona matokeo kwanza. Ndugu zangu, nilisubiri daftari. Ningewezaje kujua nani anadaiwa bila daftari? Kosa langu katika hili, nalikiri, ni kuruhusu hesabu isomwe kabla mweka hazina hajafika, kwa kuwa watu walikuwa wanaharakia usafiri. Hilo halitarudiwa. Lakini kura ya asiye na haki ya kupiga haigeuki kuwa halali kwa sababu imeshasomwa kwa sauti.

Na limesemwa hili ambalo limeniuma kuliko yote, kwamba nimembeba Entwistle kwa kuwa nampenda. Nampenda, sijawahi kuficha. Lakini kati ya kura nilizozifuta moja ilikuwa ya kwake, na aliyeipiga ni rafiki yangu wa miaka mingi, ambaye hadi leo hajanipigia simu. Mtu anayependelea hakati mkono wa upande wake.

Nieleze na msingi wa muziki, maana hatimaye hilo ndilo tulilokutania. Burton namheshimu. Alikubali kujiunga na Metallica kwa sharti kwamba bendi ndiyo ihamie kwao San Francisco, na bendi ikahama. Kipande chake cha peke yake cha mwaka 1983 katika santuri ya Kill 'Em All ni besi inayokwaruza na kulia kama mnyama, na mwanzo wa "For Whom the Bell Tolls" wa mwaka 1984 wengi wenu mlibisha ukumbini kwamba ni gitaa la kawaida, mpaka tulipourudia mara tatu. Alifariki tarehe 27 Septemba 1986 nchini Sweden, basi la bendi lilipopinduka, akiwa na miaka 24. Vijana, uchungu wenu juu yake naujua. Lakini swali letu lilihusu ubunifu. Kwangu mimi ubunifu ni kuifanya besi ifanye kazi ambayo kabla yako hakuna aliyedhani ni yake, na wanaokuja nyuma waikute njia imeshafyekwa.

Entwistle alikuwa kwenye bendi yenye mwimbaji, gitaa moja tu na mpiga dramu Keith Moon, ambaye hakukubali kutulia kwenye mdundo mmoja. Gitaa likiacha pengo, nani wa kuliziba? Dramu zikikimbia, nani wa kushika njia? Yeye alifanya yote mawili. Sikilizeni "My Generation" ya mwaka 1965. Pale ambapo kila bendi ya wakati ule ingeweka solo ya gitaa, wao waliweka besi, na besi ikajibu. Alitaka kuipiga kwa gitaa la Danelectro kwa sababu ya nyuzi zake nyembamba zenye mlio mkali. Nyuzi zikawa zinakatika, na za kubadilisha hazikupatikana madukani Uingereza, ikabidi anunue gitaa jipya kila zinapokatika, hadi akamalizia kurekodi kwa gitaa la Fender. Mwaka uliofuata akashirikiana na watengenezaji wa Rotosound kupata nyuzi zenye sauti inayong'aa kama ya piano, na nyuzi za aina hiyo ndizo zinazotumiwa na wapiga besi wengi wa roki hadi leo. Utotoni alipiga tarumbeta na baragumu ya Kifaransa, na katika Quadrophenia ya mwaka 1973 sauti za baragumu ni zake. Wimbo "The Real Me" wa santuri hiyo niliwapigia mwenyewe Septemba, kwa kutumia santuri yangu, na wale tisa waliokuwepo wanajua nilichowaonyesha.

Kuhusu Deacon niseme kidogo. Karatasi tatu kati ya tano zilitoa sababu moja tu, kwamba Freddie Mercury, mwimbaji wa Queen, alizaliwa Unguja mwaka 1946. Hiyo ni sababu ya kumpenda Freddie, na sisi sote tunajivunia. Haimhusu Deacon. Inasikitisha, kwa sababu hoja nzuri zipo tele. Aliandika "Another One Bites the Dust" ya mwaka 1980, na ukiondoa besi mle hutabaki na wimbo. Na alikuwa mtu wa elektroniki: aliokota sakiti kwenye jalala la barabarani, akaifunga ndani ya kisanduku cha spika ya rafu ya vitabu, ikawa amplifaya ndogo ambayo Brian May, mpiga gitaa wa bendi hiyo, aliitumia kurekodi sauti za gitaa za Queen. Mafundi redio wetu wa hapa mjini wangemwelewa mtu huyo kabla hajamaliza sentensi. Mngeandika hayo, pengine na mimi ningeyumba.

Ada. Tumeandikishwa 41, ada ni shilingi 24,000 kwa mwaka, yaani 2,000 kwa mwezi. Waliolipa ni 19, na wawili kati yao hawakuweza kufika siku ya kura, mmoja akiwa mgonjwa na mwingine safarini. Tumekusanya 456,000, tunadai 528,000. Ukumbi umekula 165,000, matengenezo ya sabufa na amplifaya 120,000, chai, sukari na maandazi 77,000. Ukijumlisha salio la mwaka jana la 31,500, tuna 125,500. Hesabu za mweka hazina zipo mezani, kila mtu azione. Tangu kura ile, hakuna hata mmoja kati ya wale 14 aliyelipa shilingi.

Sitaki kuonekana nalalamikia vijana wasio na kazi. Katika miaka yetu yote hakuna mwanachama aliyekuja kuniambia hana akafukuzwa. Wawili walilipa kwa kuja mapema kupanga viti na kufagia, nikawaandika wamelipa, na mweka hazina ni shahidi. Kinachoniuma ni ukimya. Mtu anaandika ukurasa mzima juu ya Burton, mwandiko mzuri, hoja nzuri, halafu 2,000 ya mwezi inamshinda hata kuizungumzia.

Mahudhurio nayo ni hivyohivyo. Siku ya kura tulikuwa 31. Vikao vingine, ukipiga wastani, tulikuwa 9. Septemba tulikuwa 9, Oktoba 7, na katika hao saba, watatu walitoka Moshi. Watu wa Kijenge na Sanawari, mnaoweza kuja kwa miguu, mko wapi? Februari dada yetu mmoja aliandaa maelezo juu ya Jack Bruce kwa wiki mbili, namna alivyosomea selo Scotland na namna hiyo inavyosikika ndani ya Cream, akawasomea watu sita na viti vya plastiki thelathini vitupu. Alimaliza hadi ukurasa wa mwisho. Nilimshukuru kwa niaba yenu, lakini mlipaswa kumshukuru wenyewe.

Chama hiki nilikianzisha sebuleni kwangu Sakina, kwa redio yangu, chai ya mke wangu na watu wanne. Mwaka huu nimelipia mafuta ya jenereta mara mbili umeme ulipokatika, na sikuomba kurudishiwa. Nayataja kwa sababu wapo wanaodhani uenyekiti ni kitu cha kunufaisha.

Mwakani tunatarajia, Mungu akipenda, kupata sabufa bora, kualika mpiga besi wa dansi aje atuonyeshe kwa vidole vyake, na labda kufanya kikao kimoja Moshi ili ndugu zetu wapumzike na safari. Yote yatategemea mfuko.

Wanachama kadhaa wameomba kura irudiwe. Sioni kosa katika matokeo, na mimi nitapiga kura ya hapana. Ila uamuzi ni wa mkutano huu, na Ibara ya 6 inawahusu wote waliomo ukumbini. Mweka hazina ameshakaa kwenye meza iliyo karibu na mlango na daftari lake, na kitabu cha stakabadhi ni kipya. Tutaanza kuhesabu mikono baada ya chai.

Mwenyekiti
Arusha