Matundu matatu ya soketi ya draya sio ethi

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi niongee na Waswahili wenzangu tulioko huku Marekani, hasa wenye nyumba za zamani. Naona watu wanahamisha draya, yaani mashine za kukaushia nguo, kutoka bezimenti wanazileta juu karibu na vyumba, na sawa tu, nani anataka kupanda ngazi na beseni la nguo kila siku, ila hizo soketi wanazofungiwa ndo zinanipa wasiwasi.

Kwetu Dar au Mombasa ukiona plagi ya pini tatu unajua ile ndefu ya juu ni ya ethi, waya wa usalama. Sa mtu anakuta huku soketi ya draya ina matundu matatu anasema ah, ethi ipo. Haipo! Mawili ni laivu (zenye umeme), kati yao volti 240, la tatu ni nyutro (waya wa kurudishia umeme), na bodi ya mashine, yaani bati lake la nje, imefungwa kwenye nyutro hiyo hiyo. Ni ruhusa iliyoanza enzi za Vita Kuu ya Pili ili kuokoa shaba, ikadumu mpaka kanuni za taifa za umeme toleo la 1996 zilipoikataza kwa waya mpya. Nyutro ikilegea kwenye skrubu basi bati lote la draya linakuwa na volti 120, na wewe umesimama peku kwenye sakafu imelowa.

Waya wa zamani umeruhusiwa kubaki pale pale ulipo. Ukihamisha ndo mambo yanabadilika, maana fundi akiunga kwenye boksi la zamani akavuta tena nyaya tatu mpaka juu, hicho kipande ni kipya na hakina ruhusa hiyo. Vuta mstari mpya toka paneli (boksi kuu la breka), shaba ya unene namba 10, nyaya nne ndani (nyeusi, nyekundu, nyeupe na ya ethi), breka ya ampea 30 inayokata laivu zote mbili kwa pamoja, soketi ya matundu manne, yamekwisha. Kama ukuta haupasuliki na nyutro ya zamani ina ganda lake, inaruhusiwa kuvuta waya wa ethi peke yake mpaka kwenye paneli. Nyutro ikiwa tupu haina ganda, ng'oa wote.

Alafu kuna hawa wanaopigilia rodi ya chuma ardhini nje ya dirisha wanafunga draya hapo, eti ethi. Ardhi yenye ukinzani wa omu 25 kwa volti 120 inapitisha ampea 4.8 tu, breka ya 30 hata haishtuki kukata umeme, inaendelea kukaa na bati linaendelea kuwa na umeme. Rodi ni ya radi na mambo mengine, kazi ya kuikata breka inafanywa na waya unaorudi kwenye paneli. Na bomba la maji la jikoni pia usilitumie, huwezi jua wapi fundi bomba alishaweka plastiki.

Wengi wanasahau hiki: ukifunga waya wa plagi wenye nyaya nne, kile kibati au waya nyuma ya draya unaounganisha nyutro na bodi lazima utolewe, la sivyo umerudi kule kule.

Mhariri, kama una msomaji mwenye leseni ya umeme huku Ohio naomba aandike bei ya haki ya kuvuta mstari huo pamoja na kibali cha jiji, maana ninazotajiwa hazieleweki kabisa.

Msomaji wenu,
Columbus, Ohio