Kabula, ile nguzo ya chuma sebuleni kwako

Manchester, Jumapili usiku

Mwanangu Kabula,

Nimefika nyumbani salama. Mgongo unauma kidogo kwa yale maboksi ya vitabu, lakini utapoa. Mama yako keshalala. Mimi usingizi umeniruka kwa neno moja ulilolisema tulipomaliza kufunga kitanda. Nilikuwa nimeweka kiganja kwenye ile nguzo ya chuma iliyo katikati ya sebule yako, nikakwambia, "Humu walikuwa wanasokota pamba, na sisi tumesomeshwa na pamba." Ukacheka, ukasema, "Imetokea tu, baba." Sikukujibu, maana ulikuwa umechoka na una furaha ya nyumba mpya. Lakini haikutokea tu, mwanangu.

Hilo jengo lako, Sedgwick Mill, lilijengwa kati ya 1818 na 1820 na McConnel na Kennedy, Waskoti wawili waliokuja Lancashire, jimbo ambalo Manchester ilikuwa ndani yake, wakiwa vijana kujifunza ufundi wa mashine. Ukiangalia juu utaona dari la matofali yaliyopindwa kama matao, limebebwa na chuma, hakuna ubao. Viwanda vya mwanzo vilikuwa na sakafu za mbao. Vumbi la pamba, mafuta ya mashine na moto wa taa vikikutana, jengo zima linateketea usiku mmoja. Ndiyo sababu ya hiyo nguzo. Usiipake rangi.

Majirani zao, ndugu Adam na George Murray, nao Waskoti, walianza kujenga chao mwaka 1798, hatua chache tu kutoka mlangoni kwako, kwenye mtaa huo huo wa Redhill Street ambao enzi hizo ukiitwa Union Street. Zamani kiwanda kilifuata mto ili maji yazungushe gurudumu. Injini ya mvuke ilipokuja, kiwanda kikaweza kusimama popote makaa ya mawe yanapofika, na huo mfereji unaouona dirishani, Rochdale Canal, uliokamilika 1804, ndio uliokuwa ukileta makaa na vitu vingine kwa mashua. Kina Murray walichimba hadi gati lao la ndani, katikati ya uwanja wa kiwanda, na njia ya maji ikapita chini ya barabara. Ilipofika 1816, hata kabla jengo lako halijajengwa, kila moja ya kampuni hizo mbili ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 1,000, watoto wakiwamo. Watoto wadogo walitambaa chini ya mashine kufagia pamba iliyodondoka, na mashine yenyewe inaendelea kwenda na kurudi juu ya vichwa vyao. Sheria ya kuwakataza walio chini ya miaka 9 wasiajiriwe kwenye viwanda vya pamba, ikiwa na wakaguzi wa kuisimamia, ilikuja 1833.

Na pamba yenyewe? Huko Ancoats, mtaa wako huo, walisokota nyuzi nyembamba sana, na nyuzi hizo zilitaka pamba ndefu ya visiwa vya pwani ya South Carolina na Georgia. Waliopanda, waliopalilia na waliochuma kule walikuwa watumwa, watu wenye asili ya bara letu. Wanaouza nyumba huko kwenu wanaandika sana juu ya uzuri wa matofali. Hili sijaona wakiliandika.

Unakumbuka ile sanamu ya mzee mrefu tuliyoipita mjini ukiwa mdogo, ukaniuliza ni nani? Nilikujibu "rais wa Marekani" tukaendelea na safari. Nilikupunja. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipoanza 1861, bandari za Kusini zikazingirwa, pamba ikakatika, na Lancashire nzima ikalala njaa. Hata hivyo tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana Free Trade Hall wakamwandikia Lincoln, huyo rais wa ile sanamu, kumuunga mkono dhidi ya utumwa. Akawajibu Januari 1863. Watu wasio na mkate mezani walisema afadhali pamba isije kuliko ije kwa mijeledi. Si wote Lancashire waliokubaliana na hilo, lakini wale waliosimama siku ile nawaheshimu mpaka leo.

Sasa ndipo tunapoingia sisi. Wenye viwanda hawakusahau ile njaa. Mwaka 1902, hapa hapa Manchester, waliunda chama cha kutafuta pamba ndani ya makoloni ya Uingereza ili wasitegemee Marekani peke yake. Mwaka uliofuata mbegu zikagawiwa Uganda. Usukuma, Waingereza walipochukua nchi kutoka kwa Wajerumani, pamba ikasukumwa mpaka ikawa ndiyo kodi, ndiyo ada, ndiyo mahari. Pale Ukiriguru karibu na Mwanza wakaweka kituo cha kuzalisha mbegu bora. Nilipokuwa mtoto Maswa, mifuko ya mbegu ilikuwa na herufi UK, na mimi nikaamini ni mbegu za Uingereza. Mwalimu ndiye aliyenieleza kwamba UK ni Ukiriguru. Lakini ukifuata kamba mpaka mwisho wake, wote tulikuwa tumeshika kweli: ni jina la kijiji cha kwetu Usukuma, na kazi ilianzishwa kwa shida ya mji huu.

Vidole vya bibi yako umeviona. Kitumba cha pamba kikikauka, maganda yake yanafunguka na kuacha ncha nne au tano ngumu kama miiba. Unaingiza vidole katikati, unavuta pamba yote kwa mara moja bila kuokota jani. Ukivuta vibaya ncha inaingia pembeni ya ukucha. Unakinyonya kidole damu, unaendelea, maana damu ikigusa pamba imeharibika. Jioni tulimwaga yote juu ya turubai, tukaketi kuitenga: nyeupe huku, fifi, ile chafu ya bei ya chini, kule. Mnunuzi mmoja kwenye gulio, nisiyetaka kumtaja, alizoea kuita fifi hata ile nyeupe, na bibi yako alisimama mbele ya mizani akaishika pamba mkononi akamwambia, "Itazame tena." Aliitazama tena. Ada yangu ya kidato cha kwanza ilitoka kwenye mzani ule.

Nilipokuja mji huu 1998 nilikuwa nasafisha ofisi usiku, na njia yangu ilipita Ancoats. Miti midogo ilikuwa imeota kwenye mifereji ya paa, madirisha hayana vioo, njiwa ndio wapangaji. Niliogopa mtaa ule, nakiri, lakini kila nikipita nilinusa kama vile nitasikia harufu ya ghala la ushirika. Huko jirani, kwenye mtaa wa nyumba za halmashauri ulioitwa Cardroom, kwa jina la chumba cha kuchana pamba, nilimfahamu mama mmoja mzee wa Kiingereza. Aliingia kiwandani akiwa na miaka 14. Alisoma midomo kama wewe unavyosoma simu, maana kelele za mashine hazikuruhusu maneno. Nilipomwambia kwetu tunalima pamba, aliomba nimwonyeshe kwa mikono inavyochumwa. Alikuwa ameigusa miaka yote bila kuiona ikiwa shambani. Alikohoa sana, yule mama. Vumbi.

Nyumba nyingi za Cardroom zilibomolewa, na mtaa mpya ukaitwa New Islington. Yule mama akahamishiwa mbali, nikapotezana naye. Pale alipokuwa anaanika nguo sasa watu wanakunywa kahawa karibu na maji, na kwa kweli pamependeza, mimi si mtu wa kutamani magofu. Nimefurahi kwamba kuta zimeokolewa na kwamba mwanangu analala ndani yake. Kinachoniuma ni kwamba mtaa umetengenezwa vizuri, na kodi ikapanda mpaka mtu kama yule asingeweza kurudi hata kwa chumba kimoja. Wewe mwenyewe nusu ya mshahara inaishia pale. Ukiitwa kwenye mkutano wa wakazi, nenda, useme.

Kuna kitu kimoja utafute. Kwenye baadhi ya kuta za mitaa hiyo, msanii Dan Dubowitz alitoboa matundu madogo ya kuchungulia. Ukiweka jicho unaona vyumba vya zamani vilivyofungwa humo ndani. Sitakuambia yalipo, tembea.

Jumamosi nakuja na drili kwa ajili ya fimbo za pazia. Nimempigia bibi yako jioni hii, nimemweleza dari na nguzo. Anataka kuiona. Kwao wako mbele kwa saa mbili au tatu kufuatana na majira ya huku, kwa hiyo tumpigie asubuhi yetu, akiwa ametoka shambani, na simu uishike wewe, mimi mkono wangu unatetemeka. Kaniuliza kama hicho chuma kina baridi. Nimemwambia utakigusa wewe umjibu.

Baba yako