Meza ile ya kahawa ni mlango wetu

Mhariri,

Nasoma gazeti hili tangu usichana wangu na sijawahi kuwaandikia. Mlipoondoa ukurasa wa mashairi nilinyamaza. Lakini ripoti yenu ya Jumanne, ya yule mheshimiwa aliyewaambia wazazi wasitupe karo kwa "vitu kama historia ya sanaa", imenikaba koo. Ukumbi mzima ulicheka, mkaandika, kana kwamba kicheko ni hoja.

Mtoto wa dada yangu yuko chuo kikuu anasoma hicho kinachochekesha. Alipotwambia, nyumba nzima ilimwuliza atachora nini. Hachori, jamani. Anasoma vilivyochorwa na kuchongwa: ni mkono wa nani, ni mti gani, nani aliyelipa, na kwa nini ua lile liko pale.

Nyumba ya marehemu baba, Kibokoni katika Mji wa Kale, ilikuwa na mlango wa nakshi: ubao wa kiume, ubao wa kike, na mfaa, ule mti mwembamba wa katikati, wenye maua toka juu hata chini. Paa lilipovuja, ndugu yangu akaletewa mnunuzi. Bwana yule akaugonga kwa kidole, akasema mchwa wameshaingia, akatoa elfu kumi na tano na geti la chuma juu yake. Tukamshukuru! Mimi mwenyewe nilimtilia chai, kwa vikombe vya wageni. Miaka tisa baadaye harusi ikanipeleka hoteli moja upande wa Nyali. Nikakaa ukumbini kungoja gari, na mbele yangu meza, na meza yenyewe ni mlango umelazwa chali ukafunikwa kioo. Nikainama. Pembeni pana M na nusu ya W, nilizozichonga kwa kisu cha muhogo nikiwa na miaka saba, nikala bakora. Nikamwita kijana wa mapokezi. Akanijibu kwa adabu zake zote: "Huu umetoka jumba la Sultani wa Zanzibar, mama." Sultani! Ningemthibitishiaje? Sina picha, sina kipimo, sina hata karatasi ya mauzo. Lau mtu mmoja aliyesomea angepita mtaani kwetu na kamera na daftari, mlango ule ungekuwa na jina na nyumba. Badala yake una vikombe.

Na si milango tu. Waulizeni Wamijikenda habari za vigango, nguzo zile za kuchongwa wanazowasimikia wazee wao waliofariki. Mwaka 1985 mtafiti mmoja kutoka Marekani alimpiga picha mzee mmoja kando ya vigango vyake viwili, baadaye vikaibwa. Mwaka 1999 mtafiti yule yule akakiona kimoja katika picha za mhadhara huko kwao. Vilikuwa vimefika makumbusho mawili, kimoja Illinois na kingine Virginia, na mwaka 2007 vikarejeshwa Kenya. Kwa sababu ya picha! (Najua alikuwa mtaalamu wa anthropolojia, si wa historia ya sanaa, msiniandikie kunisahihisha. Jicho ni lile lile.)

Hata Obama aliteleza hapo. Januari 2014, akihutubia Wisconsin, alisema vijana wengi wanaweza kuchuma zaidi kwa ufundi wa viwandani kuliko kwa shahada ya historia ya sanaa. Mwalimu mmoja wa somo hilo huko Texas akamwandikia kulalamika, naye Rais akamjibu kwa barua ya mkono wake, akimwomba radhi. Mheshimiwa wetu namngoja. Kalamu ninayo, kama hana.

Na maadamu nimeshashika kalamu: mwaka 2018 serikali ya kaunti ilituamuru tupake majumba nyeupe na buluu. Nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na chokaa, hupumua. Nilipaka rangi ya duka kama nilivyoagizwa, na masika iliyofuata ukuta wa ndani ukatoka malengelenge, nikaubandua kwa kijiko. Walioamua walimwuliza nani? Mwashi mzee wa Ndia Kuu angewaambia bure, barazani, kwa kikombe cha kahawa tungu.

Sasa dawa, kwa kuwa mnapenda barua ziwe na mapendekezo. Kila hoteli iliyofanya mlango kuwa meza na ilipe karo ya mwanafunzi mmoja wa historia ya sanaa, kijana wa Pwani, kwa miaka yote minne. Mlango wa mbao mbili, wanafunzi wawili. Aliyeukata katikati apate meza mbili, alipie wanne. Na mheshimiwa apewe futi ya seremala na daftari la kurasa 96, aanze Jumamosi hii saa mbili asubuhi kuhesabu milango iliyobaki Mji wa Kale. Nitamwonyesha njia, maana kwa hesabu yangu haitamchukua muda mrefu.

Hoteli nayo ikae tayari. Kisu cha muhogo ninacho bado, na jina langu sijalimaliza.

Binti wa Kibokoni,
Mombasa