Barua kwa Mhariri: Samaki wa mito na madimbwi nao wahesabiwe

Ndugu Mhariri,

Assalamu alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako niseme jambo lililonikaa kifuani tangu masika yaliyopita.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia katika skuli moja ya Mkoa wa Kaskazini Unguja. Karibu na skuli yetu palikuwa na dimbwi. Halikuwa na jina. Ng'ombe walikunywa hapo, na kiangazi kikikaza lilikauka mpaka udongo ukapasuka kama kisigino cha mkulima. Mwaka juzi, masika yalipokwisha kushika, niliwapeleka wanafunzi wangu na kipande cha chandarua tulichokifunga kwenye kijiti kilichopindwa duara. Mtoto wa kwanza kuchota alitoa samaki wa urefu wa kidole. Mkia wake mwekundu kama pilipili iliyoiva, umetiwa ukingo mweusi mwembamba. Mwili wa buluu inayoelekea kijani, na kila gamba limezungushiwa mstari wa rangi ya damu ya mzee. Jike lake, ndoo ile ile, lilikuwa na rangi ya tope tu. "Maalim," mtoto akaniuliza, "huyu kapakwa rangi na nani?"

Wataalamu wanamwita Nothobranchius guentheri. Mjerumani Georg Pfeffer alimweleza kitaalamu mara ya kwanza mwaka 1893, kutokana na samaki waliokusanywa huku na Franz Stuhlmann mwaka 1888 na 1889, na jina la guentheri ni la Albert Günther, mtaalamu wa samaki wa London, ambaye pamoja na balozi wa Uingereza hapa, Robert Playfair, walikwisha kuandika kitabu kizima juu ya samaki wa Zanzibar mwaka 1866. Kwao samaki huyu ni Unguja. Huishi katika maji ya mvua, hutaga mayai yake ndani ya tope, na dimbwi likikauka wakubwa wote hufa. Mayai hubaki. Hulala ndani ya udongo mkavu miezi, yakingoja, na mvua ikirudi huanguliwa, na baada ya wiki chache tu vifaranga vimekuwa wazazi. Wala hayaanguliwi yote kwa mvua ya kwanza: mengine hungoja zaidi, ili mvua ikidanganya ukoo usiishe. Wafugaji wa Ulaya na Marekani hutumiana mayai yake kwa posta, ndani ya mboji yenye unyevu. Wapo wanasayansi wanaomfuga maabara kuchunguza jinsi mwili unavyozeeka, kwa kuwa umri wake ni mfupi. Sisi wenye samaki, wazee niliowauliza hapa kijijini waliniambia ni "vidagaa vya mvua" basi.

Masika haya nilirudi na darasa jipya. Dimbwi limejazwa kifusi, juu yake pamesimama matofali.

Simlaumu aliyejaza. Alinunua kiwanja wakati wa jua, akaona ardhi kavu, na hakuna aliyeweza kumwambia kuwa ndani ya udongo ule mna samaki. Sheha hakujua. Hata mkaguzi wa mazingira angekuja Februari angeandika kwa moyo safi kabisa kwamba hapa hapana maji, kwa hiyo hapana samaki. Ndiyo maana nasema kuwajua samaki hawa si kazi ya kupita siku moja na gari. Lazima mtu aende masika, aende vuli, arudi kiangazi achukue udongo wenyewe, aulowanishe ndani ya beseni na angoje aone kitakachotoka.

Mhariri, elimu yetu ya samaki imeelekea baharini, na si ajabu, sisi ni watu wa visiwani. Tunajua changu, tunajua pweza, tunajua bei ya jodari. Lakini tuna mito. Mwera inapita, Pemba kila baina ya vilima viwili pana bonde na kila bonde lina kijito chake, na katika msitu wa Ngezi mvua ikinyesha maji husikika kabla hayajaonekana. Naomba Serikali, vyuo vyetu na masheha waandae hesabu ya samaki wa maji baridi, mto kwa mto na bonde kwa bonde, Unguja na Pemba mbalimbali. Mbalimbali nasisitiza. Unguja iliwahi kushikana na bara zama ambazo bahari ilikuwa imeshuka, kwa hiyo samaki wake wana jamaa zao ng'ambo. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita. Aliyefika katika vijito vya Pemba alifika kwa njia nyingine, na orodha ya Unguja haiwezi kumsemea.

Wenzetu wa bara wana milima. Mto Zigi huteremka kutoka Usambara Mashariki mpaka bahari ya Tanga, na anayechunguza mto wa namna hiyo hupanda nao ngazi kwa ngazi. Juu, kwenye mawe na maji ya kasi, kuna samaki wake. Chini ya milima, maji yanapoanza kutulia, wa juu na wa chini hukutana, na hapo hapo binadamu naye huweka shamba, bwawa na bomba. Sisi vilima vyetu havifiki hata mita 150, lakini ngazi ni ile ile, imefupishwa tu: chemchem, kijito chini ya miti, bonde la mpunga, kisha mikoko. Unaweza kuitembea yote kwa asubuhi moja. Mchunguzi achague vituo katika kila ngazi, avue kwa wavu ule ule na kwa muda ule ule, apime urefu, apige picha, amrudishe samaki majini, na abakishe wachache ndani ya spiriti kwa ajili ya makumbusho. Siku hizi hata chupa ya maji inatosha kuanzia, kwani vinasaba ambavyo samaki huviacha majini husomwa maabara. Ila asiache kuwauliza kina mama wanaolima mpunga. Wao ndio wenye miguu ndani ya maji hayo kila siku.

Nina hofu mbili kubwa. Ya kwanza ni mkunga wa mtoni. Huyu huzaliwa bahari kuu, huingia mitoni akiwa mdogo na mwangavu kama kioo, hukaa miaka, kisha hurudi baharini kutaga na kufa. Ukingo mmoja usio na upenyo humfungia njia. Tumejenga miundombinu ya umwagiliaji Cheju, Kibokwa, Mlemele, Makwararani, na mimi naitaka, kwani mchele tunauhitaji. Nataka tu mhandisi awe na orodha ya samaki mezani kabla hajachora ukuta.

Ya pili ni vifaranga vya kufuga. Perege wa Zanzibar ana historia: mwaka 1960 mtaalamu wa samaki C. F. Hickling alieleza kuwa madume ya perege waliotoka Zanzibar, yakipandishwa kwa majike ya perege wa Msumbiji huko Malacca, Malaya, huzaa madume matupu, jambo ambalo wafugaji walilitafuta sana, kwa sababu dume hukua upesi na bwawa halijai vitoto. Perege huyo ni jamaa wa wale wa Mto Wami, bara. Leo anayechimba bwawa hununua sato wa Nile. Bara sato ametoroka mabwawani, ameenea mabonde mengi na kuzaana na perege wa asili, hata utafiti umeshindwa mahali pengine kupata damu safi. Mvua moja kubwa inatosha kuwatoa samaki bwawani mwa mtu mpaka mtoni.

Kazi hii inawezekana. Popo wa Pemba mwishoni mwa miaka ya 1980 walidhaniwa wamebaki wachache mno. Watu wakaanza kuwahesabu vituoni mwao, vijiji vikaunda vikundi vya kuwalinda, Kidike, kituo kimojawapo cha popo hao, ikajulikana, na hesabu za baadaye zikapita 20,000.

Skuli yangu iko tayari kuchukua vituo viwili, na madaftari tumeshapiga mistari. Tunaloomba ni mtaalamu mmoja wa kutufundisha kutambua spishi, na ruhusa ya maandishi ya kuingia mabondeni. Barabara ya kwenda kwetu ina dimbwi jingine, dogo kuliko lile, upande wa kushoto baada ya miembe mitatu. Wiki iliyopita nilikuta limechomekwa vigingi vya kupimia.

Wako,
Mwalimu wa Baiolojia,
Mkoa wa Kaskazini Unguja