Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wetu: sarafu imekutwa ndani ya kikombe, chini kabisa

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: SAMPULI ZA KINYESI CHA TEMBO ZILIZOYEYUKA NDANI YA FRIZA LA KITUO

Kwa heshima zote tunakuandikia hadharani, maana barua tatu tulizopitisha ofisini hazijajibiwa.

Ndani ya friza huwa tunaweka kikombe cha maji yaliyoganda, na sarafu juu ya barafu. Jumatatu asubuhi sarafu ilikutwa chini kabisa, barafu ikiwa juu yake. Maana yake barafu iliyeyuka, sarafu ikazama: umeme ulikatika mwisho wa wiki, kila kitu kikayeyuka, umeme ukarudi, kikaganda upya. Anayesoma kipimajoto peke yake ataona nyuzi 20 chini ya sifuri na kuandika kwamba hali ni nzuri. Ndivyo ilivyoandikwa, na sampuli zimeshapangiwa gari la kwenda maabara.

Tunaomba hizo zilizoyeyuka zisipelekwe pamoja na sampuli zilizo salama.

Tembo akipata taharuki, kortisoli, homoni ya msongo, hupanda kwenye damu, na mabaki yake hutoka na kinyesi baada ya siku moja hadi mbili hivi. Tonge la kinyesi likishaanguka, bakteria waliomo wanaendelea kuyabadilisha mabaki hayo. Kipimo cha maabara hutambua baadhi tu ya maumbo yake, kwa hiyo jibu laweza kupanda au kushuka, na hakuna hesabu ya kulirekebisha, kwani hakuna ajuaye ziliyeyuka kwa saa ngapi. Utafiti wa tembo wa Mikumi uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba majike wa makundi yasiyo na jike mzee wala ndugu wa karibu wana homoni nyingi zaidi za msongo, miaka mingi baada ya biashara ya pembe kupigwa marufuku mwaka 1989. Homoni hizo zilisomwa kwenye mavi. Kwa mavi yaliyoyeyuka na kuganda tena zisingesomeka.

Kazi ya porini inafanywa sawasawa. Tonge hupasuliwa likiwa bado bichi, kabla jua na mbawakawa hawajaliwahi. Inachukuliwa sehemu ya ndani, isiyoguswa na mkojo wala udongo, kutoka matonge matatu, kisha inakandwa vizuri ndani ya mfuko kwa sababu homoni haijatawanyika sawa: kipande kimoja kinaweza kukudanganya. Tarehe na saa huandikwa kwa penseli, maana alkoholi hufuta wino wa kalamu. Halafu jitihada zote hizo zinaishia kwenye friza lisilo na jenereta.

Tumeambiwa tutumie alkoholi kuhifadhia sampuli. Sawa, lakini iliyoletwa ni spiriti ya vidonda ya asilimia 70. Kinyesi cha tembo ni maji kwa takriban robo tatu. Gramu 10 zina maji kama mililita 7.5, ukitia mililita 25 za ethanoli (alkoholi hiyohiyo) ya asilimia 95, mchanganyiko unabaki na nguvu ya asilimia 73 hivi. Ukitia kiasi hichohicho cha asilimia 70, unashuka hadi karibu 54, na bakteria hawadhibitiwi ipasavyo. Ukibana matumizi ukatia mililita 10 tu za ile kali, unaangukia palepale. Tena hata alkoholi nzuri ikikaa wiki nyingi kwenye joto, vipimo vinahama; inakuvusha tu hadi ufike kwenye baridi.

Ahadi ya jenereta ilitolewa mbele yetu masika yaliyopita, ikarudiwa kiangazi. Labda fungu lilihamishiwa kwenye magari, hatujui. Friza lililojaa, lisipofunguliwa, hushikilia barafu kama siku mbili. Letu lilikuwa nusu tupu, kwa hiyo siku moja tu. Tumeshalijaza chupa za maji. Hilo lilikuwa ndani ya uwezo wetu. Jenereta na dizeli yake viko ndani ya uwezo wako. Kuna wenzetu wanaofuata kundi kwa miguu tangu alfajiri ili wapate tonge moja lenye jina la tembo wake, na inauma kuliona likiharibika mita chache kutoka ofisini.

Tunaomba jenereta. Tunaomba ethanoli ya asilimia 95. Kama vyote viwili haviwezekani mwezi huu, basi hili moja: sampuli zilizoyeyuka tumezifunga mkanda mwekundu, rafu ya chini. Gari linaondoka Alhamisi. Tafadhali zisipakiwe.

Wako katika kazi,
Wakusanya sampuli wa kituo